Kulala kwa Zamu

Mchungaji alisema Tumaini amepumzika, nami nikatikisa kichwa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa mbele, pamoja na wanawake wa nyumbani, kwa hiyo watu wengi waliniona. Sikukusudia kumdharau mchungaji, kijana mpole aliyefika pale Kibondo kwa pikipiki huku mvua ikimpiga. Nilitikisa kichwa kwa sababu marehemu mwenyewe angekataa. Kwa mwaka mzima, katika chumba chake cha kushonea nguo kule Kasulu, nilimsikia akituambia kwamba kufa si kupumzika. Kupumzika ni kwa mtu atakayeamka kesho akiwa na kazi inayomngoja. Baada ya maziko nilimfuata mchungaji nikamweleza hivyo. Akasema, "Lakini mama, sisi tunaamini ataamka." Nikamwambia akiamka nitamwomba radhi, hata yeye mchungaji nitamwomba radhi. Akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili. Ila sikulifuta neno langu.

Asubuhi ile, nikiwa bado ndani ya basi kutoka Kasulu, mtoto wa shemeji yangu alikuwa amenipigia simu. "Mama mdogo, unajitesa bure na masafari. Umri umekwenda. Pumzika sasa. Msimu huu tutakulimia sisi lile shamba." Nikamwambia nimesikia, nikakata simu. Nilikuwa nimeshayasikia maneno yale, kwa mpangilio ule ule, kutoka kinywani mwa baba yake, nikiwa na miaka ishirini na michache na kitambaa cheusi kichwani. Niliyafikiria njia nzima hadi msibani. Na pale msibani, binti wa Tumaini aitwaye Zawadi akaniita jikoni, akanipa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na soksi moja ya kiume iliyofungwa fundo, kopo la maziwa ya unga lenye kutu, kipande cha kitambaa kilichokunjwa, na bobini ya cherehani yenye uzi mweusi. Akasema, "Maman alisema hivi vya kwenye kopo na vya kwenye soksi visichanganywe, mpaka mulale nyinyi wote." Hakujua maana yake. Mimi niliijua. Nikakaa juu ya gunia la mkaa, nikalia pale kwa mara ya kwanza tangu nipate habari ya kifo.

Nilikozaliwa na nilivyoolewa nitaviacha, havina jipya. Nianzie pale mume wangu alipokwisha kuzikwa na matanga kuanuliwa, wakati mvua za kwanza zilipokuwa zikinukia. Kaka yake mkubwa, Laurenti, alikuja na ndugu wengine wawili wakakaa barazani kwangu. Nikawapikia maharage na ndizi. Walikula vizuri, wakanawa, ndipo Laurenti akasema, "Shemeji, wewe umefiwa. Mjane hashiki jembe mpaka wazee wamruhusu, ndivyo nyumba yetu ilivyo. Pumzika. Msimu huu tutakulimia sisi." Nilimshukuru kwa dhati. Sikuona ubaya wowote, na hata leo siwezi kusema nilikuwa mjinga, maana neno lile ni zuri na mikono yangu ilikuwa imechoka kweli. Mtoto wangu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nikapumzika. Na kwa kuwa mtu aliyekatazwa jembe hana pa kuiweka mikono yake, nikaanza kwenda mjini kwa Tumaini kumsaidia kushona vifungo.

Tumaini alikuwa Mkongo, ametoka kambini Nyarugusu kwa kibali, amepanga chumba kimoja mkabala na duka la kina Hamisi. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani na moshi wa pasi ya mkaa. Vipande vya nguo vilifika mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mwanangu alilala ndani yake kama kifaranga. Mchana Tumaini alipika sombe, kisamvu cha kwao, kwa mawese, kwa ugali wa muhogo mtupu, na kila siku Festo alilalamika. Festo alibeba abiria kwa baiskeli, na chumba kile kilikuwa kituo chake cha chakula. "Dada Tumaini, huu ni ugali au gundi ya viatu?" Naye alimjibu, "Gundi, Papa Festo. Nataka kinywa chako kifunge." Kisha alimwongezea tonge jingine. Hamisi alikuja kutoka dukani kwa baba yake akiwa na kikombe cha kahawa, akisema amepita tu, na kupita kwake kulimaliza mchana wote. Jumapili, watu wa kanisani wakirudi makwao na wateja wakipungua, Tumaini alisukuma cherehani ukutani, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kukatia, nasi tukacheza.

Mchezo ulitoka kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichoachwa kambini na kijana mmoja wa misaada aliyerudi kwao. Kurasa nyingi za katikati zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kitabu kilieleza namna watu wachache wanavyoweza kukaa mezani na kuwa wasafiri katika nchi ya kubuni, yenye majitu, wachawi na wafalme wabaya. Mmoja anasimulia kilicho mbele yao, wengine wanasema wanafanya nini, na bahati inaamua kama wamefaulu. Tumaini ndiye aliyesimulia. Alichora nchi kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa: vijiji, mito, msitu. Sisi tulikuwa vifungo. Hamisi alichagua kifungo kikubwa cha shaba cha koti kuukuu, akawa askari wa upanga. Festo alikuwa kifungo cha shati, mwizi wa kufungua makufuli yote. Mimi nilichukua kifungo cheusi, nikawa mbeba ngao, kazi yangu kusimama mbele ya wenzangu. Adui alikuwa ile bobini ya uzi mweusi, tukimwita Mfalme wa Majivu. Alitoka upande wa kaskazini akila kijiji kimoja baada ya kingine, na mji wa mwisho usipookolewa, mchezo umekwisha.

Kitabu kilitaka dadu yenye nyuso ishirini. Hakuna aliyewahi kuiona dadu ya namna hiyo. Dadu yetu ilikuwa ya ludo. Hamisi akaleta visoda ishirini, vizibo vya chupa za soda, kutoka dukani, tukaandika namba ndani yake kwa kalamu, tukavitia kwenye soksi ya baba yake. Anayepigana anaingiza mkono na kuchomoa kimoja: namba kubwa umempiga jitu, namba ndogo amekupiga. Hapo ndipo tulipokwenda kinyume na kitabu bila kujua. Dadu ukiirusha, namba zote zinakungoja tena. Sisi kisoda kikishachomolewa tulikitia kwenye kopo la maziwa, kama karata iliyokwisha chezwa, na hakikurudi kwenye soksi mpaka wasafiri walale. Msibani, mpwa wa Hamisi anayesoma chuo alitusikia mimi, Hamisi na Festo tukikumbushana, akatoa simu yake akatuonyesha dadu inayojirusha yenyewe kwenye kioo. Akasema kwa upole, "Wazee wangu, mlikuwa mnacheza vibaya. Kila mrusho unajitegemea." Kwa kitabu, yuko sahihi. Lakini sikubali kwamba tulicheza vibaya. Katika maisha niliyoyaishi mimi, nguvu iliyotumika asubuhi haimo mwilini jioni, na bahati ukishaichomoa iko kwenye kopo. Huipati tena kwa kutikisa mkono. Unaipata kwa kulala.

Kwa hiyo kulala kukawa ndio ugomvi wetu mkubwa. Hamisi alipenda kulala. Tukimuua fisi mmoja wa mfalme, yeye huyo, "Tulale, turudishe visoda." Tukivuka daraja, "Tulale." Tumaini alivumilia Jumapili kadhaa, kisha akakasirika, kwa sababu majitu yake yalikuwa hayamtishi mtu tena, kila jitu lilitukuta tumeshiba usingizi na soksi imejaa. Basi akaongeza majitu. Alituletea moja, kabla hatujapumua likaja la pili, nyuma yake mawili yenye mikuki, na akatukataza katakata kulala. Visoda vikubwa vikaisha, tukabaki tunachomoa mbili na tatu, na kifungo cha Festo kikafa mtoni. Festo akasimama. "Dada, huu si mchezo. Huu ni uonevu." Tumaini akamwambia, "Mie nilitembea kutoka kwetu mpaka ziwani na mutoto mugongoni. Hakuna mutu alinipa usiku wa kulala." Hamisi ndiye aliyesema, taratibu, akiangalia kikombe chake, "Ndiyo, dada. Na ulifika ukiwa hai kwa sababu kuna mahali ulilala. Ungetuambia na hapo." Tumaini alikaa na maneno yale wiki nzima. Jumapili iliyofuata alimrudisha Festo, akasema wavuvi walimwopoa, na akaleta sheria mpya. Wasafiri hawalali porini kama mbuzi. Wanalala kwenye nyumba ya mwenyeji, wakimwomba hifadhi kama watu. Na kila wanapolala, dunia haiwasubiri: bobini inasogea kijiji kimoja. Unaweza kulala utakavyo, ila ujue nani anatembea wewe ukiwa umelala.

Ninaposimulia habari hizi watu hunisikiliza kwa huruma, kama mtu anayesikiliza michezo ya watoto. Sitaki huruma hiyo. Mezani pale, kila tukisimama kwenye mlango wa nyumba ya mwenyeji, tulipima mambo matatu: visoda gani vimebaki kwenye soksi, bobini iko wapi, na mwenyeji huyu anatutakia nini. Hakuna baraza la wazee lililowahi kunifundisha kupima hivyo.

Siku ambayo nitaikumbuka mpaka nife, tulikuwa tumefika kwenye nyumba ya mwenyeji mmoja mkarimu kupita kiasi. Tumaini alimwigiza vizuri, kwa sauti tamu: "Karibuni, karibuni. Kuleni. Kesho muko na haraka gani? Laleni tena." Tukalala mara moja, bobini ikasogea. Tukalala mara ya pili. Hamisi alikuwa na furaha, soksi imejaa, kifungo chake hakina jeraha. Katikati ya mchezo akaja mteja, ndipo Tumaini akavuta pazia la kupimia nguo akatoka nje kumhudumia. Aliyekuja alikuwa mke wa Laurenti na mwenzake. Hawakujua kwamba niko nyuma ya pazia. Walizungumza habari za kitenge, za bei ya samaki wa mgebuka, kisha yule mwenzake akauliza, "Na yule mjane wenu, hamjamruhusu jembe bado?" Mke wa Laurenti akacheka kidogo. "Mwache apumzike. Wameshapanda minyaa ya mpaka katikati ya shamba. Atapumzika mpaka asahau lilianzia wapi na likaishia wapi." Mwenzake akasema, "Yebaba!" na wote wawili wakacheka, si kwa ukali, kama wanawake wanavyocheka wakisubiri nguo. Nilikuwa nimeshika kifungo changu cheusi. Niliangalia kitambaa: bobini ilikuwa imevuka mto. Hamisi na Festo walikuwa wamesikia kila neno nao wakainamisha vichwa. Tumaini aliporudi, hakuigiza tena sauti tamu. Akauliza kama anavyouliza msimulizi, "Mbeba ngao, asubuhi imefika. Mwenyeji anasema laleni tena. Unasema nini?" Nikasema ninaamka.

Kesho yake nilichukua jembe kabla wazee hawajaniruhusu, nikaenda shambani, njia ya Makere. Ilikuwa kweli. Mstari wa vijiti vya minyaa, mbichi, ulikata shamba karibu katikati, na upande wa bondeni wenye udongo mzuri walikuwa wamekwisha kupanda mahindi yao. Sikupiga kelele. Nilianza kulima upande niliobakiziwa, kisha nikaruka mstari nikalima na upande wa pili, katikati ya mashina yao ya mahindi, nikipanda maharage yangu. Jirani mmoja alisimama njiani akaniuliza kama nina ruhusa. Nikamjibu ruhusa ninayo mkononi, nikanyanyua jembe. Watu waliyasema maneno yale mjini kwa miezi. Walisema nimekuwa mkali, nimerogwa, Mkongo amenitia kiburi. Sikujibu. Nilikwenda kila siku, na kwa kuwa niliogopa kuliacha shamba peke yake, nilikaa huko tangu alfajiri hadi jua lilipozama, mtoto mgongoni, muhogo mbichi mfukoni. Nilifikiri nimeelewa somo lote la mchezo: usilale. Ulikuwa ni nusu tu.

Kwenye meza nikawa vivyo hivyo. Hamisi akisema tulale, nilikataa. Nilisimama mbele, nikachomoa, nikachomoa tena. Jumapili moja niliingiza mkono kwenye soksi, vidole vikawa vinatetemeka, kisoda kikaanguka chini na nikashindwa kuinama kukiokota. Tumaini akaweka mkono wake juu ya soksi, akaufunga mdomo wa soksi. "Skola," akasema, jina langu la nyumbani, "kopo limejaa. Humu munabaki moja na mbili tu. Unapigana na nini?" Nikamwambia nikilala watasogea. Akasema, "Ndiyo, watasogea kama unalala peke yako." Kisha akafungua kile kitabu, ukurasa uliotoboka, akatusomea kwa Kifaransa na kututafsiria kwamba wasafiri wakilala mmoja hukaa macho, kwa zamu, na adui akija wakati wa zamu hawakutwi wote wamelala. Sheria hiyo ilikuwepo siku zote. Tulikuwa hatujaitumia kwa sababu tulikuwa tunalala kwenye nyumba za watu. Festo akasema, kama anaongea na kifungo chake, "Jumatatu sina abiria wengi." Hamisi akasema Jumanne baba yake huwa dukani mwenyewe. Tumaini akasema cherehani ya mkono inabebeka.

Ndivyo walivyokuja. Hawakuja kulima, ingawa Festo alilima kidogo na kulalamika sana. Walikuja kukaa macho. Nililima asubuhi, na mchana nilijilaza chini ya kibanda cha majani ya migomba nikalala fofofo, mtoto kifuani, mmoja wao akiwa ameketi kwenye mstari wa minyaa. Sijawahi kulala usingizi kama ule, si kabla ya hapo wala baada yake. Siku Laurenti alipokuja ilikuwa zamu ya Tumaini, na Festo alikuwepo kwa sababu alikuwa amembebea cherehani. Mimi nilikuwa usingizini, kwa hiyo nayaandika kama Festo alivyonisimulia. Festo huongeza chumvi, lakini sehemu ya mwisho niliisikia mwenyewe.

Laurenti alikuwa na ndugu zake wawili na mzigo wa vijiti vingine vya minyaa. Alisimama mbele ya Tumaini. "Wewe mama, unafanya nini katika shamba la marehemu mdogo wangu?"

"Ninashona, papa."

"Mwamshe huyo."

"Non. Analala. Ngoja aamke, ama ongea na mie."

"Mkimbizi uniambie mimi ningoje kwenye ardhi yetu?"

"Sikukuzuia, papa. Njia ile pale, pita. Ninasema tu analala." Na akaendelea kuzungusha gurudumu la cherehani, ta-ta-ta-ta, kola ya sare ya shule ikipita chini ya sindano.

Majirani waliokuwa wakipalilia walisogea. Laurenti akageukia watu. "Mwanamke gani huyu analala shambani mchana kweupe?"

Festo akasema, "Si ulimwambia mwenyewe apumzike, mzee? Anapumzika."

Wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniamsha. Nilijifunga kanga vizuri, nikampa Tumaini mtoto, nikaenda mbele ya Laurenti, nikapiga goti kidogo nikamwamkia, maana ni mkubwa wangu na adabu haikuwa ndiyo tunayoigombania. "Shikamoo, shemeji." Akalazimika kuitikia marahaba mbele ya watu. Nikasema, "Uliniambia nipumzike. Nimepumzika. Ninashukuru. Sasa ng'oa minyaa yako."

Hakuing'oa. Alisema nitajuta. Alisema nyumba ile haijawahi kuona mjane kama mimi, nami nikamwambia sasa imeona. Kisha nikaanza kuing'oa mwenyewe. Maziwa ya mnyaa yakiingia machoni yanapofusha, kila mtoto wa kwetu anajua, na Tumaini akatoa kwenye kikapu kitambaa cha mchezo, nchi yetu yote ya chaki, akanizungushia mikononi. Niling'oa mstari mzima huku wote wakitazama, ndugu wawili wa Laurenti wakiwa wamekaa juu ya mzigo wao. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka kulala, mikono haikutetemeka. Nasisitiza hapo. Ningekuwa kama nilivyokuwa wiki moja nyuma, ningeanguka kwenye mstari ule nikiwa nimefika nusu, na watu wangenibeba nyumbani wakisema maskini, amechanganyikiwa kwa msiba. Mwenyekiti wa kitongoji alipokuja baadaye kusikiliza shauri, majirani walimwambia walichokiona, na mpaka ukabaki pale pale alipouacha mume wangu. Laurenti hakunisemesha kwa miaka. Alipougua nilimpelekea uji, akaunywa. Shamba sikumwachia.

Mchezo wenyewe hatukuumaliza. Tulipata kitambaa kingine, tukasafiri mpaka kwenye lango la Mfalme wa Majivu, na Jumapili ile tukaachia katikati ya pambano kwa sababu sare za shule zilikuwa nyingi na Tumaini alihitaji meza. Tukasema Jumapili ijayo. Kisha Festo akapata kazi Kibondo, Hamisi akapelekwa Ujiji kwa wajomba zake kuendesha duka, na baadaye Tumaini mwenyewe akahamia Kibondo kwa binti yake. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa ameviacha visoda vile vile, vilivyochomolewa ndani ya kopo na vilivyobaki ndani ya soksi, miaka yote hii, wala kwamba alikuwa amekihifadhi kile kitambaa cha kwanza chenye madoa meusi ya minyaa.

Mchana ule wa maziko, wanaume walikuwa wakicheza karata chini ya turubai kama ilivyo kawaida ya msibani. Sisi watatu tukachukua mkeka pembeni, nikatandika kitambaa. Hamisi ana ndevu nyeupe sasa na kanzu safi. Festo anatembea kwa fimbo, goti moja limemwishia kwenye pedeli. Tulimwaga visoda vya kwenye kopo tukavitazama: kumi na tisa ilikuwa humo, kumi na nane, karibu vyote vikubwa. Ndani ya soksi kulibaki vijidogo. "Sasa mnanielewa," Hamisi alisema. "Nilisema siku ile tulale." Festo akamwambia, "Wewe ulisema hivyo kila siku. Hata saa mbovu hupatia mara mbili kwa siku." Tukacheka kwa sauti mpaka watu wa karata wakageuka. Nikawaambia sheria ni ile ile: nyumba ya mwenyeji tunayo, zamu ni yangu, laleni. Walidhani ni maneno ya mchezo. Lakini mmoja alikuwa amesafiri kutoka Ujiji, mwingine alikuwa amesimama kaburini kwa mguu mmoja, na mvua ilikuwa imekatika, na jua la saa tisa lilikuwa limepasha mkeka joto. Hazikupita dakika nyingi, wazee wawili wakawa wanakoroma mbele ya waombolezaji.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mtoto wa Laurenti tena. Nikapokea, nikamwambia asante kwa kunijali, mwanangu, mimi nikipumzika nitakuwa na mlinzi wangu, na jembe lako libaki kwenu. Akasema, "Haya, mama mdogo," kwa sauti ya baba yake akiitikia marahaba.

Ndipo akaja mzee wa kanisa, mtu wa heshima mwenye koti, akasimama kando ya mkeka. Akasema ni aibu, siku ya maziko, visoda kama watoto, na wazee wazima wamelala hadharani huku wageni wanakosa pa kukaa. "Waamshe, mama."

"Wanalala," nikamwambia. "Ngoja waamke, ama ongea na mimi."

Alinitazama sana. Kisha akaenda kutafuta kiti kwingine. Nikachukua vile visoda vya kwenye kopo, kimoja kimoja, nikavirudisha ndani ya soksi mpaka ikajaa na kuwa nzito kama nilivyoikumbuka. Nikaisogeza bobini hatua moja, kwa sababu hilo nalo ni sheria. Walipoamka, Festo akijifuta mate kwenye ndevu, Hamisi akiuliza amelala kwa muda gani, nilikuwa nimehama upande wangu wa mkeka, nimekaa pale ambapo Tumaini angekaa.

"Mko kwenye lango," nikasema. "Mfalme amewasikia. Nani anachomoa kwanza?"